Walioitikia Yowe la Jirani

Benchi la bandarini Mwigobero liliegemea ukuta wa ghala la dagaa. Nyangi aliuza kahawa pale, mtoto mgongoni, kashata hakuna, kwa kuwa sukari iliadimika tangu vita. Nduli, yule dikteta wa Uganda, alikuwa amekwisha kukimbia Kampala, mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni, na Ryoba, mumewe, aliyeondoka na mgambo wenzake, bado alikuwa huko Uganda. Kwa hiyo wazee walipobishana juu ya vita, Nyangi alimimina polepole asikose neno.

— Tungeishia Kagera, alisema Katiba, karani wa bandari. Mpaka ni mpaka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika umekataza kuingia nchi ya mtu.

— Wewe hufugagi ng'ombe, alisema Unyayo, mzee aliyesifika kwa kufuatilia wezi wa mifugo. Mwizi ukimwachia mpakani, kesho anarudi na ndugu zake. Nchi hazinaga urafiki, bwana. Zinaogopana tu.

— Kwa hiyo tulikwenda kwa faida yetu? aliuliza Katiba.

— Ya nani tena? Ya shangazi yako?

Padri, ambaye hakuwa padri bali katekista, akaweka kikombe chini.

— Watu wale walichinjwa na mtawala wao. Wakapiga yowe, tukaitika. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

— Hiyo ni ya kujiandaa wewe mwenyewe, alisema Unyayo.

— Ni ya huruma. Maji ni ya kumwosha jirani. Na tusiishie Kampala. Kila penye kilio twende, hata kwa Makaburu.

— Kwa miguu?

— Kwa imani.

— Basi jirani akisikia unampiga mkeo, Padri, avunje mlango? aliuliza Katiba.

Padri akakiokota kikombe chake.

— Nikiwa namuua, avunje.

Hapo akafika Gati, mama yake Ryoba, ameshuka kwenye lori lililotoka Kiabakari, vumbi hadi kwenye kope. Nyangi akapiga goti kumsalimu.

— Hajarudi?

— Bado, mama.

Gati akawageukia wanaume.

— Nimesikia mnataja yowe, wazee. Kwetu, aliyelipiga ndiye huwashukuru watu, akawaambia yamekwisha, rudini makwenu. Mwanangu aliitika. Kule nani atamwambia arudi?

Katiba alitazama ziwa. Unyayo alichokoachokoa vumbi kwa fimbo, kama anayetafuta alama iliyopotea.

— Nawasikiliza, alisema Gati, akaketi katikati yao.

Nyangi aliinamisha birika amjazie kikombe. Yalitoka mashapo tu. Gati akakipokea hivyohivyo, akakishika kwa mikono miwili, akangoja.