Ufunguo Mmoja wa Mtambo wa Maziwa

Mgeni rasmi, Ato Fikremariam, Mkurugenzi wetu Mkuu kutoka Addis: kitendawili!

"Tega!" ukumbi ukaitika. Mgeni akatabasamu tu.

Emama Yeshimebet, mpika kahawa wa kiwanda, akaweka shali lake sawa begani. Wenzake walimchagua yeye asome risala yao kwa kuwa meneja gani angemkatiza bibi wa watu?

"Nyumba moja, ufunguo mmoja, wenye nyumba kumi na mmoja. Kikipotea kitu, anafungwa mlinzi."

"Kompyuta ya joto!" mafundi wakapiga kelele.

"Mmepata, wanangu. Nasoma."

UKARIBISHO
Karibu. Mara ya mwisho ulikuja Jumanne ile na wageni wenye suti, mkatukanyagia sakafu tuliyotoka kuisugua. Hatukununa.

HISTORIA
Zamani joto la maziwa tulilipandisha kwa kuzungusha gurudumu, na aliyezungusha alijulikana mpaka jina la baba yake. Mkatuletea kompyuta. Fundi aliyeifunga alishauri kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri: huyu atazame, yule abadilishe. Wakubwa mkasema huyo anawachelewesha. Mkataka jina moja, "Msimamizi", lenye ruhusa ya kila kitu.

MAFANIKIO
Tunajivunia kwamba neno hilo la siri sasa limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta, kwa herufi kubwa, wakubwa wasije wakasahau. Mhasibu analo. Dereva wako analo.

"Hata mimi mwosha vikombe ninalo," Emama akachomekea. Watu wakaangua kicheko.

Zinash, fundi aliyeulea mtambo huo miaka tisa, ndiye pekee aliyepewa jina lake mwenyewe, nalo linaruhusu kutazama tu.

CHANGAMOTO
Jumanne hiyo joto lilishushwa kutoka nyuzi sabini na mbili hadi sitini na mbili. Vijidudu havikufa, tukamwaga lita elfu sita. Kompyuta inasema aliyeshusha ni Msimamizi. Mkamtafuta huyo Msimamizi, mkamkosa, mkamsimamisha kazi Zinash kwa kuwa ndiye aliyekuwa zamu. Kesho kamati inakaa kumfukuza. Hongereni kwa upelelezi.

"Emama," meneja wa kiwanda akanong'ona kwa ukali, "soma kilichoandikwa tu!"

"Kimeandikwa, mwanangu. Njoo na miwani yako."

MAOMBI
Kila mtu apewe jina lake, na ruhusa inayolingana na kazi yake. Karatasi ile ibanduliwe. Zinash arudi. Tena tunauliza, maana kompyuta haijui: Jumanne ile, nani alibonyeza?

Emama akamtazama mgeni rasmi juu ya karatasi. Akamalizia:

Mungu akupe afya, akupe na macho ya kutuona. Ni sisi, wafanyakazi wa zamu zote, Kiwanda cha Maziwa cha Wenz.

Akaikunja karatasi, lakini jukwaani hakushuka.

Ato Fikremariam alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Wageni walitaka kuona namba zikibadilika," akasema. "Nilibonyeza mimi."