Kinachogonga Gurudumuni kwa Nabor

Siku hiyo ukungu uligoma kuondoka El Roblal hata saa saba ya mchana, na ukiwa kwenye benchi la madereva, pale nje ya duka la kahawa, kanisa lililo ng'ambo ya uwanja hulioni. Kengele tu unaisikia. Evelio alikaa ukingoni mwa benchi na kikombe kilichopoa, akilikodolea macho gari la marehemu kaka yake. Nabor alikuwa na siku saba kaburini. Siku ya tatu gurudumu la mbele kushoto lilianza kugonga, na hakuna aliyethubutu kulifungua, maana madereva wa milima ile wana mwiko wao: gari la marehemu ruhusa kuliendesha, lakini spana hailigusi mpaka sala za siku tisa ziishe. Zilibaki mbili. Na saa nane Evelio alitakiwa kumshusha hospitali Yurani, bintiye Nabor, mwenye mimba iliyotimia na mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kwa barabara yenye kona arobaini na korongo upande mmoja. Magari mengine yote yalikuwa yameenda soko la Jumamosi nyuma ya mlima. Evelio aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

— Hebu igiza tena mlio huo, Evelio, alisema Padri Nusu. Aliitwa hivyo kwa kuwa aliacha seminari mwaka wa pili kwa ajili ya mpishi wa seminari.

— Ko. Ko-ko. Kimya. Halafu ko.

— Beringi hiyo, alidakia Vidole Tisa, dereva mstaafu ambaye kidole chake cha kumi kililiwa na mkanda wa feni. Imekauka grisi.

— Beringi gani, we! Nikienda kasi kinanyamaza. Nikipunguza mwendo ndiyo kinaanza.

— Aah. Basi boljointi.

— Jana ulisema shokamzoba.

— Jana nilikuwa sijanywa kahawa.

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikaishia njiani.

— Kinaanzia wapi hasa? aliuliza Padri Nusu.

— Kila kona ya kubana. Na mbele ya makaburi.

Mbele ya makaburi pana tuta, na kila gari hupunguza mwendo pale hata likiwa limebeba harusi. Lakini mtu akishaogopa, hakumbuki tuta.

— Mnaona? alisema Padri Nusu. Chuma hakichagui pa kunyamazia. Huyo anasikiliza.

— Nani?

— Usinitajishe jina. Ko, ko-ko. Si ndivyo alivyokuwa akigonga dirisha akirudi amelewa?

— Kweli, bwana, alisema Vidole Tisa, na sauti yake ikashuka. Ndivyo hivyo hivyo.

— Shemeji, mjane wake, kaweka glasi ya maji kwenye meza ya sala, roho ipate kunywa. Jana jioni nimeiangalia kwa macho yangu. Imepungua vidole viwili.

— Vyako au vyangu? aliuliza Vidole Tisa.

— Cheka tu. Anayekunywa hivyo yuko safarini. Anatembea na gari lake, kajibana humo gurudumuni.

— Anataka nini sasa?

— Dereva anataka nini, kaka? Abiria.

Evelio aliweka kikombe chini.

— Abiria gani?

— Mtoto wa Yurani kagoma kugeuka tangu lini? Siku ya tatu. Na gurudumu limeanza lini?

Vidole Tisa alifanya ishara ya msalaba, kisha akairudia, eti ya kwanza alikosea upande.

— Anamwita, Padri Nusu alisema polepole. Hataki kushuka peke yake. Na korongo liko pale pale.

— Funga mdomo! Huyo ni kaka yangu!

Evelio alifoka hivyo, lakini hakushangaa. Hilo la korongo alikuwa amelifikiri mwenyewe tangu asubuhi, na kusikia mtu mwingine akilisema kulimkata maini.

Ukungu ukawatoa watu wawili. Mmoja Yurani, kajitanda blanketi la baba yake, mkono tumboni. Wa pili nesi mgeni, aliyefika kijijini wiki hiyo hiyo.

— Shikamooni, wazee, alisalimia nesi. Gari tayari?

— Tayari kiasi, dada, alijibu Vidole Tisa. Linagonga.

— Mmelifungua?

Wakamweleza mwiko, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na Padri Nusu akamwongezea habari za glasi bila kuombwa. Yurani aliwasikiliza mpaka mwisho.

— Ba'mdogo, mwiko huo ni wa nani?

— Wa marehemu na watu wake, mwanangu.

— Kwani mimi si mtu wake? Fungua.

Evelio alipiga magoti kwenye mawe yenye tope, akaingiza bisbisi chini ya wilikapu, ile sahani ya bati inayofunika nati za gurudumu, akaibandua. Nati nne zikamwagika juu ya mawe. Ko. Ko-ko. Ko.

— Ni mimi, alisema Evelio, na machozi yakamtoka mbele za watu. Siku ya kumleta Nabor kuzikwa. Pancha ilitupata kwenye kona, jeneza likiwa nyuma, mlima unaanza kumomonyoka. Nati zote tano nilizikaza kwa vidole tu. Nikasema nikifika nitashika spana. Nikafika, sala zikaanza. Jamani, ningemuua mtoto huyu.

— Hujamuua, alisema nesi. Kaza twende.

Evelio alianza na ya tano, ile pekee iliyobaki mahali pake. Spana haikusogea hata unywele. Akaning'inia. Vidole Tisa akapanda kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Wapi! Ilikuwa imekazwa kwa nguvu za wanaume watatu, na kutu yake haikuwa na hata mkwaruzo.

Nesi aliinama, akaigusa kwa kidole.

— Na hii, nani aliikaza?

Padri Nusu alivua kofia. Yurani naye alipanda gari, akakaa mbele bila kusaidiwa. Evelio alirudisha zile nne, moja baada ya moja, akazikaza mpaka zikalia. Ile ya tano akaiacha kama alivyoikuta.