Mjomba wa Dawati la Wageni Astaafu Kazi na Sigara

Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika hospitali yetu, Mjomba wa Dawati la Wageni anastaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara peke yao. Sisi wengine, manesi, madaktari na mafundi tuliotoka nchi za mbali kuja kufanya kazi hapa, tumemwita Mjomba tangu alipotupokea uwanja wa ndege, akatunyang'anya sanduku zito kuliko yote na kutuuliza kama tumekula.

Yeye mwenyewe alikuja mgeni, kwa mkataba wa miaka miwili wa kutunza stoo ya dawa. Wiki yake ya kwanza alilala gizani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba umeme hapa hununuliwa kabla ya kutumika. Alipowaendea wakubwa na kulalamika kwamba wageni wanateseka bure, walimpa meza, simu na kazi ya kuyazuia mateso hayo. Tangu hapo hakuna mgeni aliyefungua akaunti ya benki au kupanga nyumba bila Mjomba kukaa pembeni yake, akimkanyaga mguu kila alipotaka kusaini asichokisoma.

Kuhusu kusafiri na fedha taslimu alikuwa mkali kama mwalimu wa zamu. Nyingi zipite benki, zinazobaki zikae mwilini wala si kwenye sanduku, na forodhani useme ukweli. Nesi mmoja wa wodi ya watoto alijiona mjanja, akashonea noti zake za likizo kwenye pindo la koti, kisha akasahau na kulipeleka koti kwa dobi. Mjomba alitoka mbio na kandambili za ofisini, akakuta koti limeshatoka majini. Walilifumua pindo, na dobi akazipiga pasi noti moja moja, akilalamika kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupiga pasi nguo ndogo namna ile. Nesi alisafiri salama. Mjomba hakumgombeza, ila kisa hicho amekisimulia kwa kila mgeni aliyefika baadaye, nesi mwenyewe akiwa amekaa pale pale.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa vita vya sigara. Mtu akiwa mbali na kwao, upweke humfundisha kuvuta, na ngazi za nyuma ya jenereta zilijaa wapweke. Utaratibu wa Mjomba ulikuwa rahisi: anayetaka kuacha anamkabidhi pakiti zake azifungie kabatini, na hamu ikimshika anaenda kunywa maji na kupiga soga naye mpaka ipite. Wengi tuliacha. Tatizo ni kwamba mwenye kabati alikuwa mvutaji kutushinda sote, na pakiti zilikuwa zikipungua. Tulikuwa tumemkabidhi fisi bucha! Mganga hajigangi, alijitetea, huku akikohoa.

Utani uliisha mwaka jana, aliporudi kutoka likizo kwao akiwa mnyonge. Mjukuu wake ana pumu. Binti yake, ambaye ndiye atakayeishi naye akistaafu, alimweleza kwa heshima zote kwamba nyumba hiyo ni ya baba pia, ila akija na sigara itabidi apangishiwe kwingine. Alipotusimulia hayo alijaribu kucheka, akashindwa.

Basi sisi aliotuponya tukamgeukia. Tulimnyang'anya ufunguo wa kabati, tukampa mpishi wa kantini, mama asiyehongeka. Tukapanga zamu za maji na soga. Alitupiga chenga zaidi ya mara moja, na siku moja tulimfumania ngazini, mzee mzima, akipepea moshi kwa faili. Aliomba radhi, akaanza upya. Hajavuta tangu msimu wa mvua uliopita.

Wiki iliyopita binti yake alinipigia simu mimi, fundi wa mashine za eksirei. Alisema baba anadai ameacha, lakini ameshadai hivyo mara nyingi, naye hawezi kubahatisha na mapafu ya mtoto. Aliniomba ukweli, hata ukiwa mchungu. Nilimwambia ameacha. Papo hapo nikamsikia akimwita mtoto aje wasaidiane kukihamisha kitanda cha babu, kiingie chumba kimoja na cha mtoto.

Mjomba, asante kwa kutulea ugenini. Tunakuombea afya, pumzi ndefu, na usingizi mwororo kando ya huyo mjukuu.