Kimya cha Siku Kumi

Mchungaji Gervas, mwenyeji wetu uliyetufungulia ukumbi wa kanisa lako hapa Laurel, Maryland; Mheshimiwa Dokta Marjani, Mkurugenzi wa ofisi yetu ya kuratibu utafiti wa Ncha za Dunia; ndugu wajumbe wachache wa idara za serikali mliopanda treni kutoka mjini, ambao majirani zenu mezani wanawatafsiria kwa sauti ya chini; mama zangu wauguzi, ambao baadhi yenu mmetoka zamu asubuhi hii na hamjafumba jicho; ndugu, jamaa na marafiki: nawasalimu nyote kwa heshima mnayostahili.

Nawe, Mama Domina Wambura, ambaye shughuli hii yote ni yako, itifaki imenitaka nikutaje mwisho. Nimetii. Ni mara ya mwisho nitatii jambo hilo.

Naitwa Eliudi. Wengi wenu mliniona mwezi Mei nikiwa nimevaa joho, mkapiga vigelegele mpaka walinzi wa chuo wakaja kuuliza kuna nini. Shahada yangu ya uzamili ni ya sayansi ya bahari, natembea nayo kifua mbele, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Kwa miaka miwili, huku nikisoma, nimefanya kazi chumba kimoja na Mama Domina. Leo nimepangiwa dakika tano za kutoa neno fupi la shukrani. Karatasi ya ratiba mnayo mikononi. Kuna sala, chakula, neno la Mkurugenzi, keki, picha, neno langu, na mstari wa mwisho ulioandikwa Mengineyo. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ambapo mstaafu mwenyewe atasema. Hapapo. Basi huo mstari wa mwisho nitaurudia.

Kwa miaka kumi na tisa mmekuwa mkimuuliza, "Domina, hivi kazi yako hasa ni ipi?" naye anawajibu, "Napangia safari watu wa barafu," mnacheka, yanaishia hapo. Kazi yake ni hii. Kule Aktiki idara moja ina meli ya kuvunja barafu, nyingine ina ndege, ya tatu ina satelaiti. Vyuo vikuu vina maprofesa na wanafunzi wao. Na katika pwani ya kaskazini ya Alaska kuna vijiji vya wawindaji wa nyangumi, ambao kwao bahari hiyo si mada ya utafiti, ni ghala la chakula. Kila mmoja ana kalenda yake, na kila mmoja anaamini kalenda yake ndiyo mwaka. Mama Domina alizikalisha kalenda hizo meza moja. Serikali ilimwita sekretarieti. Sekretarieti nzima, ndugu zangu, ilikuwa mtu mmoja na birika lake la chai.

Na alikuwa na desturi ambayo haikuandikwa mahali popote. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alimpigia simu mzee mmoja anayeitwa Amos, nahodha wa mashua za uwindaji katika kimojawapo cha vijiji hivyo. Nilipofika ofisini nilidhani wanapiga soga.

"Wewe mama wa jua," Amos alikuwa akimtania, "bado hujaganda?"

"Nimeganda tangu mwaka niliohamia Maryland," Mama Domina anajibu. "Niambie, barafu imefungua? Vijana wako wanatoka lini?"

Dakika ishirini za utani wa namna hiyo, kisha anakata simu, anachukua kalamu nyekundu, anafunga wiki mbili au tatu kwenye ratiba ya meli. Wiki hizo hakuna chombo kinachopita. Nikamuuliza siku moja, kwa kiburi changu chote cha msomi, ushahidi wake uko wapi. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi. "Msomi," akasema, "ushahidi ni kwamba nimemuuliza mwenyewe. Umekula?"

Nimesoma vitabu vingi kuhusu safari za Ncha ya Kaskazini. Nimesoma habari za mabwana waliopeleka meli kubwa kule, wakiwa na vyombo vya fedha na maktaba nzima, wakafa kwa njaa katika nchi ambamo wenyeji walikuwa wakila na kulea watoto. Je, walikosa akili? Hapana. Walikosa mtu wa kuuliza, au tuseme ukweli, waliona haya kuuliza. Nilipokuwa nikisoma nilijiambia kwamba sisi tumeendelea kuliko wao. Nilijidanganya.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, ofisi yetu ilipata tovuti mpya ya ushirikiano. Ikaamriwa kwamba mawasiliano yote na washirika wa nje yapitie huko. Mama Domina akaambiwa, kwa barua yenye adabu nyingi, kwamba simu zake za Ijumaa hazina idhini. Akatii. Na kanuni ikaongezwa: rasimu ya ratiba itawekwa kwenye tovuti, na mshirika asiyepinga ndani ya siku kumi atahesabiwa amekubali. Idara zetu hufanyiana hivyo kila siku na hakuna anayeumia, kwa sababu mwenzako wa idara anakaa vituo vitatu vya treni kutoka kwako na ana watumishi wa kumsomea. Kosa letu lilikuwa kudhani dunia nzima inakaa vituo vitatu kutoka kwetu.

Mwezi Julai rasimu ikawekwa. Mwezi huohuo barafu ikakata kebo ya mtandao ya kijiji cha Amos. Siku kumi zikapita, kijiji hakikusema neno. Hakikuwa kimeona neno. Simu ya mezani nyumbani kwa Amos, hata hivyo, ilikuwa inaita vizuri kabisa, kama kungekuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuipiga.

Nilikuwepo kwenye kikao cha kupitisha ratiba. Habari za vijiji ziliwekwa mahali zinapowekwa siku zote, chini kabisa ya ajenda, kwenye Mengineyo, zikiwa zimebaki dakika nne na watu wameanza kukunja kompyuta zao. Mama Domina akanyoosha mkono. "Hawa hawajakubali," akasema. "Hawa hawajapata." Mjumbe mmoja, ambaye leo sitamtaja kwa sababu yupo na anakula pilau ya watu, akamjibu huku akitabasamu: "Mama Domina, siku kumi ni siku kumi." Mwenyekiti akafunga kikao.

Nani aliandika, katika ukurasa wa kwanza wa ratiba ile, sentensi isemayo "Washirika wote wameridhia"? Ni mimi. Niliiandika mimi, msomi wenu, kwa mkono huu mlioupigia vigelegele. Niliambiwa niandike nikaandika, nikaona hata sarufi yake imenyooka.

Naona Mama unanipungia mkono nikae. Sikai. Na wewe dada huko nyuma unayesema, "Fupisha, niko na shifti saa kumi," nimekusikia, nakaribia.

Septemba meli ikapita, katika zile wiki ambazo kalamu nyekundu ingezifunga. Nyangumi husikia ngurumo ya meli ya kuvunja barafu kutoka mbali sana. Wakahamia nje, kwenye bahari kuu. Mashua za kijiji zikawafuata mpaka ikabidi zigeuke kwa sababu ya mawimbi. Watu wote walirudi salama, namshukuru Mungu, lakini walirudi mikono mitupu, na kijiji kikaingia baridi bila nyama ya msimu ule. Fikirini shamba lenu limekanyagwa wiki ya mavuno, kisha aliyelikanyaga anawatumia dodoso la kupima kuridhika kwenu. Sitanii. Dodoso lilitumwa.

Kisha ikaandikwa ripoti, kurasa arobaini na moja. Chanzo cha tatizo kimeelezwa kwa mstari mmoja: kasoro ya mawasiliano katika sekretarieti. Si idara saba zilizopitisha ratiba, si tovuti, si kanuni, si sentensi yangu. Sekretarieti! Yule mmoja aliyenyoosha mkono! Muhtasari wa kikao nao haukumtaja, kwa kuwa yaliyosemwa kwenye Mengineyo, tuliambiwa, hayaandikwi. Wiki tatu baadaye akaambiwa anaweza kustaafu kwa hiari, miaka miwili kabla ya wakati. Ndiyo hiari tunayoikatia keki leo.

Msinielewe vibaya. Sisemi barafu isipimwe. Nitaipima mimi mwenyewe maisha yangu yote, kwa sababu inayeyuka, na anayeijua hali yake anaijua kesho ya pwani nyingi, za kwetu zikiwemo. Nasema kuratibu si kupeleka habari, ni kungoja jibu. Ofisi yetu ilikuwa na mtu mmoja tu aliyelijua hilo, na huyo ndiye tuliyempa lawama.

Dokta Marjani, nazungumza nawe kwa heshima. Ulijifunza Kiswahili darasani pale mtaa wa Shaw, mjini, kabla mimi sijazaliwa, na sarufi yako inanishinda mimi niliyezaliwa Eldoret. Ulipotoa neno lako mchana huu ulimwita Mama Domina nguzo ya ofisi. Ofisini, kwenye ripoti yenye jina lako, bado yeye ni kasoro. Nimekuja na barua hii, ya ukurasa mmoja. Inasema Mama Domina Wambura alionya, siku gani, kwa maneno gani. Inasema sentensi ya uongo niliiandika mimi. Inaomba ripoti irekebishwe na nakala ipelekwe kwa Amos. Ina nafasi mbili za saini. Ya kwanza nimeijaza, na kama itanigharimu kazi, shahada yangu itanitafutia nyingine. Ya pili ni yako. Naiweka hapa mezani, kando ya keki, na kalamu nyekundu juu yake.

Katika chumba chetu cha mikutano, ukinyamaza tungeandika kwamba umekubali. Hapa Laurel, mbele ya hawa waliomsindikiza kazini miaka kumi na tisa, ukinyamaza tutaandika kwamba umenyamaza.

Mchungaji, nimebakiwa na dakika moja na siitaki. Naomba ufute Mengineyo kwenye ratiba uandike Domina Wambura. Mama, njoo mbele. Hakuna anayekunja chochote, na hakuna atakayekukatiza.

Ninyi nyote mlionipa masikio yenu, nawashukuru. Sasa mpeni yeye.