Mpira wa Gilberto na Cheti cha Baba Yetu Delfino

Baba Paroko, ndugu wa Udugu wa Roho Mtakatifu, na ninyi nyote mlioacha ng'ombe mikononi mwa wengine asubuhi hii ili mje kumsindikiza baba yetu, mimi ni Natércia, mtoto wake wa kwanza, nami nimepewa na familia kazi ya kusoma historia hii, ambayo nusu yake aliniamuru mwenyewe niiandike, na akanikataza kuruka mstari.

Marehemu Delfino Bettencourt alizaliwa tarehe 3 Mei 1949 hapa Tulare, California, akiwa mtoto wa sita wa mzee Manuel na mama Rosária, waliotoka visiwa vya Azores wakaja kukamua ng'ombe wa watu kabla ya kupata wa kwao, akasoma shule ya parokia, kisha sekondari aliyomaliza mwaka 1967, akisifiwa kwa jambo moja tu, nalo ni mwandiko mzuri.

Mwaka 1969 aliajiriwa na timu ya besiboli ya mji jirani kutunza chumba cha wachezaji, kufua jezi, kupiga viatu rangi, na kila Jumamosi kupanga mezani mipira kumi na miwili ili wachezaji waisaini kwa ajili ya mashabiki, na hapo ndipo alipokutana na Royce Tackett, yule mpigaji ambaye baadaye alipanda hadi ligi kuu, mtu aliyechukia kalamu kuliko kushindwa. Tackett alikuwa akimwambia, "Malizia wewe, Delfino, mkono wangu ni wa kupigia," na Baba akamalizia, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka ile T yenye mkia ya saini ya Tackett ikawa ya mkono wa Baba, na hata Tackett mwenyewe hakuweza tena kusema ni mpira upi wa nani. Kazi hiyo aliiacha mwaka 1974.

Alifunga ndoa na mama yetu, Lucília Furtado, tarehe 12 Aprili 1975, katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1977 na mdogo wangu Venâncio mwaka 1980, na mwaka 1983 akafungua duka lake la mipira, picha na kofia zenye saini za wachezaji, duka ambalo wengi wenu mmelijua, na wengi mliuliza kwa nini halikuwahi kuwa na hata mpira mmoja wa Tackett, naye alikuwa akijibu, "Huyo simuuzi," akabadilisha mazungumzo.

Januari 2017 ilianza kutumika sheria mpya ya jimbo, ikimtaka muuzaji wa kitu chenye saini atoe cheti cha uhalisi, aeleze kitu ni nini, kimesainiwa na nani, na kama saini iliwekwa mbele ya macho yake, ataje lini, wapi na mbele ya shahidi gani. Wauzaji wenzake walilalamika, mimi nilipiga kelele kuliko wote kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikichapa vyeti, lakini Baba alikisoma kile kipengele cha macho yake, akakunja karatasi, akaenda nyumbani bila kufunga duka.

Juni mwaka huohuo, kwenye sikukuu yetu ya Roho Mtakatifu, Mama Gilberto, yaani mama Idalina Silveira, jirani yetu tangu zamani, alileta mnadani mpira ambao mwanawe Gilberto, aliyefia hospitalini zamani akiwa mtoto, aliushika mpaka kufa, ule wa Tackett, wenye maneno "Gilberto, nakusubiri uwanjani," maneno ambayo mama huyo alikuwa ameyachongesha pia kwenye kaburi la mtoto. Kamati ikasema siku hizi pasipo cheti hauuzwi, na watu wote wakamgeukia Baba.

"Mistari mitano tu, Delfino," alisema Mama Gilberto.

"Siwezi, dada."

"Huwezi au hutaki? Kwa hiyo mwanangu alizikwa na uongo?"

Mpira ukaondolewa mezani mbele ya parokia nzima, Mama Gilberto akaufunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, na kwa miaka mitano akakaa benchi la upande wa pili wa kanisa. Nami nilimwambia baba yangu ana moyo wa jiwe, akanijibu, "Jiwe lina nafuu." Naomba radhi kwa neno lile, hapa mbele yake.

Septemba 2022 alianza kuumwa tumbo, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Januari mwaka huu, alipoona nguvu zinamwishia, aliniomba fomu moja ya cheti, akanitajia maneno niandike, nami nasoma nakala yake kama ilivyo. Kitu, mpira mmoja wa besiboli wenye jina la Royce Tackett. Aliyesaini, Delfino Bettencourt. Je, ulisainiwa mbele ya muuzaji, ndiyo. Tarehe, 19 Agosti 1972. Mahali, ndani ya gari, nje ya hospitali, Fresno, baada ya Tackett kuahidi kuja na asije. Shahidi, hakuna.

Nilikipeleka tarehe 28 Januari. Mama Gilberto alikisoma mara mbili, akaniuliza kama yale maneno alau yalikuwa ya Tackett, nikasema hapana, ni ya Baba, akafunga mlango. Siku kumi na mbili Baba aliniuliza, "Amesemaje?" nami nikamjibu, "Bado," mpaka tarehe 9 Februari 2023, alipofariki nyumbani akiwa na miaka sabini na mitatu, na neno hilo ndilo alilokwenda nalo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta supu na mkate bila kuulizwa, na wauzaji wenzake waliolinda duka. Na tunamshukuru Mama Gilberto, ingawa nina kinyongo kidogo kwamba amechelewa, maana leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, alikuja na kile cheti. Mpira hakuuleta, alisema ni wa Gilberto na utabaki nyumbani. Alisema siku ile ya mpira, hospitalini Fresno, alikuwa dirishani wodini kwa mwanawe, akamwona Delfino ameinama muda mrefu ndani ya gari, akadhani anasali. Kisha akaniomba kalamu, kwenye mstari wa shahidi akafuta neno "hakuna," akaandika jina lake, Idalina Silveira, akakiweka mfukoni mwa koti la Baba.

Baba, amesema. Sasa pumzika kwa amani.