Kiti cha Asiyekubali

Jambo la mwisho la kawaida aliloniambia mama yenu lilikuwa hili: "Mtolee Mwinshehe kiti." Adhana ya alasiri ilikuwa bado kidogo, jua limegeuka na kuingia barazani, naye amekaa mkekani na ungo mapajani, anachagua mchele huku akimsikiliza Ashatu na wenzake wa kikundi wakieleza kwa mara nyingine ombi lao la kufungua uchochoro. Mwinshehe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliyepita tu na njia zake. Nikaingia ndani kukichukua kiti. Nilipotoka nacho adhana imeshaanza, watu wanatawanyika, na mama yenu ananipita mlangoni akisema anakwenda kuswali, kisha tutaendelea. Ungo aliuacha mkekani. Kwenye msala alisujudu, hakuinuka tena.

Naanzia hapo, wanangu, kwa sababu yote niliyowaitia yanatoka hapo. Tegeni masikio, wala asinikatize mtu, hata wewe Abdulswamad, maana pumzi iliyobaki siwezi kuitumia mara mbili kwa neno moja. Naila, simu yako iweke hapa karibu na mto, irekodi, kesho asije mmoja wenu akasema baba alisema hivi na mwingine akasema vile. Na Mwinshehe mwacheni akae, nimemwita mimi. Najua, Abdu, unamtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mvumilie. Mtu uliyegombana naye miaka mingi anakujua kuliko anayekusifu, nami nataka pawe na mtu humu chumbani anayenijua.

Fungua dirisha. Hapana, lirudishe, hizo bodaboda zinanikatia maneno. Nigeuzeni kidogo upande huu. Basi, inatosha.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yangu, itagawanywa kama Mungu alivyoigawanya, na mimi sina la kuongeza wala kupunguza, kwa kuwa mrithi hausiwi. Msigombanie vyumba. Deni langu ni moja, la fundi Maulidi, aliyepaka chokaa ukuta wa nyuma akakataa kuchukua ujira kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Huo haukuwa msamaha, ilikuwa haya, kwa hiyo mlipeni kabla hamjagawana hata kijiko. Ramani zangu na vitabu vyangu vipelekwe kwenye chumba cha kusomea watoto pale nyuma ya soko, isipokuwa msahafu wa mama yenu, ambao ni wa Naila, na Abdu alikwisha kukubali.

Sasa zito. Shamba la Kiwangwa.

Shamba lile lilikuwa la mama yenu, alilirithi kwa baba yake, na tangu tulipoanzisha Mfuko wa Ujirani ni mananasi na mikorosho ya pale iliyotoa ruzuku zote mnazoziona mtaani: mitaro ya nyuma ya soko, paa la chekechea, vifaa vya wale kina mama na kina baba wanaoosha maiti za wasio na jamaa. Alipofariki, lilitugawanyikia sisi watatu, robo yangu, robo ya Naila, nusu ya Abdulswamad, na hatujaligusa. Mwinshehe huyu alinijia mwezi uliopita akaniambia yuko tayari kuapa mbele ya shekhe kwamba marehemu alilifanya wakfu, na kwamba akiapa yeye, aliyekuwa hasimu wetu, hakuna atakayemtilia shaka. Nilimshukuru, nikamkatalia. Mama yenu alikusudia kuliweka wakfu baada ya mavuno, alinieleza mimi na alimweleza yeye, lakini mauti yaliyatangulia mavuno. Kusudio si wakfu. Siwezi kwenda kaburini nikiwa nimewafunga watoto wangu kwa kamba ya uongo, hata kama mwisho wa kamba hiyo kuna jambo jema.

Kwa hiyo mimi nina uwezo wa jambo moja tu. Robo yangu ya shamba nauusia mfuko. Nimepimisha thamani yake na ya nyumba, haivuki thuluthi ya nilivyo navyo, ni halali. Lakini mkono mtupu haulambwi, na robo ya shamba ni mkono uliokaribia kuwa mtupu. Mfuko ukibaki na robo yangu peke yake, vikundi vitakuja barazani msimu mmoja au miwili, kisha vitaacha. Uhai wa kitu alichokijenga mama yenu umo mikononi mwenu, na zaidi kwako, Abdu, mwenye nusu. Nami siwezi kuwaamrisha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kifua hiki. Nimezoea kazi ambayo mtu huchora mstari na mstari ukafuatwa.

Maji kidogo. Inatosha, Naila, nitapaliwa.

Mnajua kazi ya mfuko, lakini sina hakika kama mnajua namna yake. Watu wa nje waliokuja kututembelea walitaka kujua tuna kanuni gani za kutoa ruzuku, na mimi, niliyesomea mipango miji chuo kikuu, nilikuwa na majibu marefu. Mama yenu alikuwa na swali moja: "Nani hataki?" Kikundi kikija kuomba alikisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani mtaani asiyetaka jambo hilo. Wakisema hayupo, aliwarudisha wakamtafute, akiwaambia kwamba jambo lisilo na wa kulikataa bado halijafika mtaani, limo vichwani mwao tu. Na huyo asiyekubali akija, waombaji walikaa kwenye baraza ya saruji na yeye akapewa kiti, hiki hiki cha mninga chenye mikono, alichokuwa akikalia babu yenu. Nilimwambia mara moja kwamba tunawatukuza wakaidi. Akanijibu kwamba mwenye kuomba ana wenzake wa kumshika mkono, mwenye kukataa yuko peke yake, angalau mgongo wake upate pa kuegemea.

Kwa Mwinshehe alianza kwa utani. Jiko la mkewe Dija lilitoka ukutani likaingia uchochoroni kidogo kidogo, mwaka huu bati, mwaka ujao tofali, mpaka uchochoro wa kwendea makaburini ukazibika, na mgonjwa wa upande wa pili akawa hafikiwi ila kwa kuzunguka barabara kubwa. Mimi nilimwandikia barua za ofisi. Mama yenu alimwita tu akipita. "Mwinshehe, jiko lako limeota miguu? Mwaka jana lilikuwa ukutani, leo naliona njiani." Na huyu akamjibu, "Limekuja kukuamkia, dada Mize, halina adabu mbaya." Mimi alikuwa akiniita Bwana Ramani. "Bwana Ramani, hiyo ramani yako inapika?" Unacheka, Mwinshehe. Cheka. Miaka ile hukuwa ukinichekesha.

Siku tuliyomzika mama yenu, jeneza lake lilizungushwa kwa barabara kubwa kwa sababu ya jiko lile. Likasimama likasubiri malori yapite. Mlikuwepo. Mwinshehe alikuwa chini ya jeneza, bega la kushoto, nami nilikuwa nyuma yake nikiitazama shingo yake, na sitasema niliyoyafikiri.

Leo uchochoro uko wazi, na mnajua ruzuku yake haikwenda kwa Ashatu aliyeomba, ilikwenda kwa Dija, akajengewa jiko uani kwake, lenye bomba la moshi, ndipo lile la njiani likavunjwa. Wapo waliosema tumemlipa mvamizi. Abdu, ulikuwa mmoja wao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo wenyewe, mama yenu aliona, hupimwa kwa anachopewa yule atakayepungukiwa na jambo lenyewe, maana anayenufaika hata adui atampa.

Sasa ninyi wawili. Naila, wewe unaupenda mfuko, lakini unataka uwe na ofisi Dar es Salaam, maombi yatumwe kwa mtandao, wataalamu wayapime. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Hata hivyo una hoja: mimi na mama yenu tulikuwa watu wawili, na watu wawili hufa. Abdu, wewe umempata mnunuzi wa shamba, na fedha unataka kuzitia kwenye viwanja vya Mapinga. Nilipoambiwa nilikasirika, na bado. Lakini nawe una hoja: una watoto wanne, nyumba yako ina madirisha ya maturubai, na wewe ndiye uliyekuwa ukienda Kiwangwa kila msimu kuuza mananasi ambayo sifa zake zilibaki hapa mtaani Dunda. Hakuna aliyekuuliza kama unataka. Tulimuuliza mtaa mzima, wewe hatukukuuliza.

Nigeuzeni tena. Hapana, niinueni. Nataka kukaa. Mto... hapo.

Abdu, naona unataka kusema. Nyamaza. Naona uso wako, unataka kuniambia sawa, baba, chukua nusu yangu, ufe umeridhika. Sitaki. Ridhaa ya msibani si ridhaa, na hata sheria ya wasia hungoja neno la mrithi baada ya kifo, si kabla yake. Ukinipa sasa utanipa machozi yako, na machozi hukauka, kisha utanilaumu wakati siwezi tena kukujibu. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Haya ndiyo maagizo yangu, ni machache. Nioshwe na wale kina baba wa kikundi cha kuosha maiti, si kwa sababu sina jamaa, ila kwa sababu ni majirani. Jeneza langu lipite uchochoroni. Msichelewe kwa kumsubiri mtu wa mbali. Mwinshehe ashike bega la kushoto, akiweza, magoti yake mabaya. Mkishanizika, asubuhi inayofuata, kabla maturubai hayajaondolewa, Naila akae mkekani barazani, pale alipokaa mama yake, na kiti kitolewe nje. Akalie Abdulswamad. Mwinshehe na Ashatu wawepo. Kisha Naila amuulize ndugu yake kwa nini hataki, amsikilize mpaka mwisho bila kumkumbusha mama wala mimi. Mkiamua kuuza baada ya hapo, uzeni, nami nimewahalalishia. Wagombanao ndio wapatanao, lakini sharti wagombane kweli.

Mungu awape riziki isiyowagombanisha. Awape majirani wanaowaambia hapana usoni. Naila, Mungu akutulize moyo. Abdu... Mungu akuezekee nyumba yako, mwanangu, na akuwekee watoto. Nawaridhia, wote wawili, hapa na huko. Semeni amina.

Bado neno. Moja.

Abdu, asubuhi ile baada ya kumzika mama yako, ulinichungulia dirishani ukaniona nimekaa barazani na Mwinshehe tunazungumza jiko. Ukamwambia dada yako, "Baba hana huzuni, ana mradi." Nililisikia. Ukaondoka kabla ya kisomo, na tangu siku ile tunaamkiana tu. Sikukueleza. Nakueleza.

Alikuja kumepambazuka tu, ana nyundo. Macho mekundu. Akasema analivunja jiko sasa hivi, hawezi kupita tena mbele yake, baada ya kulibeba jeneza lile kwa njia ndefu. Nyundo ameshaiinua. Ningenyamaza... ningenyamaza tu, uchochoro ungefunguka siku ile ile, bure. Na Dija angepika wapi. Nikamwambia, "Iweke chini. Juzi ulikuwa hutaki, na hukupata kusema kwa nini." Akasema, "Bwana Ramani, leo si siku yake."

Nikaingia ndani. Ungo ulikuwa juu ya kabati, Naila ulikuwa umeufunika kanga. Nikauchukua. Nikachukua na kiti. Nikakiweka pale... pale aliposema mama yenu kiwekwe. Mwinshehe akakaa.

Nami nikakaa mkekani, nikauweka ungo mapajani. Nusu ya mchele ilikuwa bado haijachaguliwa. Nikaanza kuchagua. Nikamwambia, "Haya. Sema."