Nyundo na Mpira wa Dizeli

Dada wa marehemu hakutaka kuandika haya. Wenye digrii wamejaa humu ukooni, lakini kila mmoja kasema, "Dada mkubwa, unayemjua ni wewe." Haya, basi wakae kimya wasikilize.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, kakunja ngumi, ndiyo maana akaitwa Nyundo. Shule iliishia darasa la sita: alimng'oa meno mawili mwenzake aliyemtukana dada yake, akafukuzwa. Dada alimcharaza kwa ajili ya hayo meno, halafu akamkaangia mayai.

Mwaka 1974 aliingia gereji. Akitaka kutoa dizeli kwenye tangi alichomeka mpira, akanyonya kwa mdomo, akatema. Alijigamba kwamba ulimi wake unajua mafuta yaliyotiwa maji. Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1983, akapigana na shemeji yake hapohapo ukumbini mpaka meza ikavunjika. Lakini mkewe, Nyundo hakuwahi kumgusa hata kwa ukucha.

Januari 2021 alianza kukohoa. Akatibiwa nimonia mara tatu, kisha kifua kikuu, wapi! Akawa mifupa mitupu, na bado anawarushia wauguzi bakuli. Ndipo daktari wa mapafu, binti mwembamba, akamuuliza:

"Baba, mafuta hunyonyi kwa mdomo?"

"Mimi? Katu!"

Dada akamzaba kibao wodi nzima ikageuka. "Mwongo! Miaka arobaini na saba unanyonya!"

Daktari akapitisha mrija mpaka ndani ya pafu, akaliosha kwa maji. Maji yakatoka meupe kama maziwa, mafuta yanaelea juu. Kumbe nimonia ya mafuta, ambayo wengi hawajawahi kuiona. Akapewa dawa, akapona, akaonywa: "Ukirudia, utakufa."

Dada akamnunulia pampu ya mkono. Nyundo akaitundika ukutani kama picha.

Tarehe 3 Septemba fundi mwenzake akamcheka, "Nyundo siku hizi anaogopa dizeli!" Akamvunja pua, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha lori. Kisha akanyonya mpira ili aonekane haogopi. Mafuta yakampalia. Siku tisa alipigania pumzi mpaka akararua shuka. Akafariki tarehe 12.

Ameacha mke, mabinti wawili na dada mwenye hasira. Mungu amlaze penye hewa safi.

Hospitali asiitukane mtu, ilimponya ikamwonya. Mafundi mliosimama nyuma, mipira mmekuja nayo mifukoni, dada anaiona. Kabla ya udongo kumfunika, piteni muitupe hapa miguuni pake. Wewe mwenye plasta puani, anza. Pampu ya Nyundo utaondoka nayo.